Somo la Mwezi: Kuandika Kitabu cha Siku



Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo kwa macho ya watu ni dogo, nalo ni kuandika kitabu cha siku. Twaita kitabu cha siku daftari ambalo Mkristo huandika humo kila siku mistari michache: mvua iliyonyesha au isiyonyesha, siku kuu ya kanisa ikiwapo, neno alilolisoma asubuhi, jambo lililotokea mtaani, na wazo moja la moyoni mwake. Kazi hii haina gharama kubwa. Yataka daftari, kalamu, kopo moja, na uaminifu.

Walimu wanaotaka kulifundisha somo hili katika mitaa yao wasome kwanza na watu wao Mwanzo 8:20–22, Zaburi 65, Luka 12:54–57, Matendo 14:15–17 na Wagalatia 4:8–11. Kisha waendelee na haya yafuatayo.

1. Hali ya hewa katika Sala ya Bwana

Kila siku twaomba mkate wetu wa kila siku. Luther alipolieleza ombi hili katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, hakutaja chakula peke yake. Alihesabu mambo mengi: mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo na mali, mke mwema na watoto wema, watawala waaminifu, amani na afya. Na katika hesabu hiyo akatia pia hali njema ya hewa. Tena karibu na mwisho akawatia majirani waaminifu.

Mtu wa Uluguru hana haja ya kufafanuliwa sana kwa nini hali ya hewa yahesabiwa kuwa mkate. Masika yakichelewa, mahindi ya bondeni hunyauka yangali machanga. Masika yakizidi, udongo wa mlimani huporomoka pamoja na migomba iliyo juu yake. Lakini tuangalie vema ya kuwa hali ya hewa na majirani waaminifu wamo katika ombi moja. Mara nyingi mvua inapokosekana, kinachopotea kwanza katika kijiji si chakula, maana ghalani huwa kimebaki kidogo. Kinachopotea kwanza ni uaminifu wa jirani kwa jirani. Watu huanza kutazamana na kuuliza ni nani aliyefanya haya. Hapo ndipo kitabu cha siku kinapoonyesha kazi yake, kama tutakavyoona.

2. Mambo ya mwaka 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kuu ilipiga Unguja. Ilivunja majahazi na merikebu bandarini, ikang'oa mikarafuu mingi sana. Siku zile mvua ilikuwa kubwa barani pia. Mahali hapa petu palikuwa na mji wenye boma la mawe, uliojengwa na Kisabengo karibu na mto Ngerengere, nao ukaitwa Simbamwene, na baada yake akatawala binti yake. Henry Stanley alikuwa ameupita mji huo mwaka 1871 alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, akausifu kwa boma lake na minara yake. Alipopita tena mwaka 1872 akirudi pwani, aliona ya kuwa mto umefurika na kuchukua ukuta wa mji pamoja na nyumba nyingi. Akasikia pia ya kuwa vijiji vya Waluguru katika miteremko ya milima vimepatwa na msiba mkubwa.

Twajuaje habari hizi? Kwa sababu mgeni yule alikuwa na desturi ya kuandika safari yake siku kwa siku. Hakukaa hapa, alipita tu. Hata hivyo, maneno machache aliyoyaandika ndiyo mojawapo ya mashahidi wachache tulio nao wa gharika ile. Lakini majina ya watu wa mlimani waliochukuliwa na maji hayamo katika kitabu chake. Hakujua lugha yao, wala hakujua nyumba zao. Ni nani angeweza kuyaandika ila mtu wa kijiji kile kile? Siku zile hapakuwa na mtu wa mlimani mwenye daftari na kalamu. Leo wapo katika kila mtaa. Basi yakitokea mambo kama yale, nasi tusiwe tumeandika kitu, hatuna udhuru wa kutojua kusoma.

3. Kumbukumbu na daftari

Nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu nilipokuwa kijana, nikimsaidia mwalimu mzee katika mtaa mmoja wa upande wa magharibi wa milima yetu. Kijiji sikitaji, wala watu wake.

Mwaka ule masika yalichelewa. Watu walikuwa wamelima, wengine wamepanda katika vumbi wakiitumainia mvua, na mbegu zikaliwa na panya. Wazee wakasema, "Tangu tuzaliwe mvua haijachelewa namna hii." Sisi sote tukaitikia. Mwalimu naye aliitikia. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na neno hilo, ambalo lilikuwa kama kuugua tu, likazaa neno lingine: kama jambo hili halijapata kutokea, basi si jambo la kawaida; na kama si la kawaida, basi yuko mtu aliyelifanya. Haikupita juma moja vijana wakaanza kumtaja bibi mmoja mjane, aliyekaa peke yake karibu na msitu, ya kuwa ameifunga mvua. Usiku mmoja mlango wake ukapigwa mawe.

Ndugu za bibi yule wakaomba baraza. Wazee wa ukoo wakaketi, na mwalimu akaitwa, maana bibi alikuwa Mkristo wa mtaa wake. Usiku wa kuamkia baraza mwalimu akafungua sanduku lake, akatoa madaftari yake ya siku, ya miaka mingi, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Tukakaa kwenye taa, yeye akisoma nami nikiandika katika karatasi moja siku ambayo mvua kubwa ya kwanza ya masika ilinyesha katika kila mwaka. Tulipofika katikati ya kazi akanyamaza, akavua miwani, akaniambia, "Nami nimesema uongo pamoja nao." Maana karatasi ilionyesha ya kuwa miaka miwili ya nyuma mvua ilichelewa sawasawa na mwaka ule, na mwaka mmoja ilichelewa zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika, na yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau.

Asubuhi akasimama barazani akasoma. Hakuhubiri. Alisoma mwaka na siku, mwaka na siku. Alipofika kwenye mwaka ule uliochelewa kuliko yote, mzee mmoja akauliza, "Mwaka huo bibi alikuwa wapi?" Ndugu yake akajibu, "Alikuwa kwa binti yake mjini. Alirudi hapa baada ya mavuno." Watu wakanyamaza. Sitasema ya kuwa wote walisadiki. Wako walioondoka wakinung'unika. Lakini mawe hayakurushwa tena, na mmoja wa vijana wale akaja kuutengeneza mlango. Mvua ilikuja baadaye kwa wakati wake. Siku ile nilitazama daftari la mwalimu, nikaona ameandika hivi tu: mvua imeanza, bibi amepanda.

Ndugu zangu, twajifunza hapa ya kuwa mtu aweza kumshuhudia jirani yake uongo bila kukusudia, kwa kusema tu "haijapata kutokea." Amri ya nane yatukataza ushuhuda wa uongo. Twafikiri imekataza uongo wa barazani na mahakamani, na ni kweli. Lakini uongo ule wa barazani ulianza kwa sisi sote kuitegemea kumbukumbu isiyoandikwa. Kumbukumbu ya mtu hushika yaliyo makubwa na yaliyo karibu, na yaliyo ya kawaida huyaacha. Hatukumbuki siku za mvua ya kawaida, wala kucheleweshwa ambako mwishowe hakukutuumiza. Daftari halina hofu wala hasira; jana na mwaka wa kumi nyuma kwake ni sawa.

4. Jua, pepo na milima yetu

Yafaa pia walimu wajue kwa nini mvua huja wakati wake, wapate kuwaeleza watoto.

Jua halipiti mahali pamoja mwaka mzima. Hapa Morogoro hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na nusu hivi mchana, simamisha kijiti wima uwanjani, nawe utaona ya kuwa karibu hakina kivuli. Mahali jua linapokuwa juu, nchi hupata moto, hewa yake hupanda, na pepo zenye unyevu wa bahari huvutwa kuja kuijaza nafasi. Mkanda wa mvua hulifuata jua, lakini hukawia nyuma yake kwa muda wa majuma. Kwa hiyo baada ya jua la Oktoba hungojewa vuli, na baada ya jua la Machi hungojewa masika, ambayo nguvu yake huwa mwezi wa Aprili. Mkanda huo hutegemea pia joto la bahari, nalo halilingani kila mwaka. Ndiyo sababu mvua ina majira, lakini haina tarehe.

Tena mlima hugawanya mvua. Pepo zitokazo baharini hupiga kwanza upande wa mashariki, upande wa Kinole na Matombo, zikapandishwa juu, zikapoa, zikaacha maji yao huko. Upande wa Mgeta, magharibi, hupata kilichobaki. Kwa sababu hiyo mtu wa Matombo na mtu wa Mgeta wasigombane kwa habari ya mvua; kila mmoja aandike ya kwake, na yote mawili ni kweli.

Jambo hili latusaidia hata katika kuyasoma Maandiko. Katika Luka 12 Bwana awaambia makutano ya kuwa wakiona wingu likitokea magharibi hujua mvua yaja, na upepo wa kusini ukivuma hujua kutakuwa na joto. Mtoto wa Uluguru akisikia hayo hushangaa, maana kwetu mvua hutoka mashariki, na upepo wa kusi huleta baridi. Mwalimu amweleze: katika nchi ya Wayahudi bahari iko magharibi, na upande wa kusini ni jangwa, kwetu bahari iko mashariki, na kusi hutoka juu ya maji. Bwana hakuwalaumu watu wale kwa kuzitazama dalili za mbingu. Walizijua vema, naye akakubali. Aliwalaumu kwa kuwa walizitambua hizo, wasiutambue wakati wa kujiliwa kwao. Basi anayetazama wingu atazame na moyo wake pia. Ndiyo maana katika kitabu cha siku twaandika yote mawili.

Tena kusahau maarifa ya mahali kumeleta hasara kubwa hapa kwetu. Baada ya mwaka 1950 serikali ya wakati ule iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nia ya kuulinda udongo ilikuwa na maana. Lakini amri ilikuwa moja kwa milima yote, na wakulima walilalamika ya kuwa katika udongo wao matuta hufukua udongo wa chini usio na rutuba, na mahali pa mvua nyingi huporomoka. Mwezi wa Julai 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa. Sisemi ya kuwa madaftari yangeizuia ghasia ile. Lakini neno la mkulima lisiloandikwa huitwa ukaidi, nalo likiandikwa siku kwa siku kwa miaka mingi huwa ushuhuda.

5. Siku kuu, kumbukumbu, na siku za nuhusi

Kitabu cha siku si cha mvua tu. Mwaka wa Kanisa nao umo.

Mwaka wetu wa Kanisa huanza Majilio, wakati wa vuli. Kwaresima mara nyingi hutukuta tukipanda. Pasaka huhamahama: ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, nayo haiwi kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Mwaka 2008 ilikuwa 23 Machi. Mwaka 2011 ilikuwa 24 Aprili. Kwa hiyo kuna miaka twaimba Pasaka katika vumbi, na miaka mingine twaivukia mito iliyojaa. Jumapili ya tano baada ya Pasaka yaitwa Rogate, maana yake Ombeni, na tangu zamani ni desturi katika siku hizo kuyaombea mashamba. Kwetu huangukia wakati ambapo mahindi ya masika yako shambani, hayajavunwa bado. Sala hiyo yatufaa sana.

Andikeni pia siku za kumbukumbu, msingoje mtu wa mbali awakumbushe. 25 Juni: mwaka 1530 ukiri wa imani yetu ulisomwa mbele ya Kaisari huko Augsburg. 19 Juni: mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. 26 Agosti: mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Waingereza yaliingia mji wa Morogoro. 12 Aprili: mwaka 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikufa katika ajali ya gari katika mkoa wetu. 10 Agosti: mwaka 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu na kuwaka moto, watu zaidi ya 100 wakafa, siku hiyo mtaa wowote wenye mfiwa usipite bila kuomba.

Lakini hapa tuonyane. Kuna watu wanaoandika siku ili wajue ipi ni njema na ipi ni ya nuhusi, wasisafiri katika hii, wasipande katika ile. Mtume Paulo awalilia Wagalatia kwa ajili ya mambo kama hayo, ya kushika siku na miezi kwa hofu. Mkristo huandika siku kwa kuwa zote ni za Bwana. Hata hivyo tusidharau kila hesabu ya wazee. Watu wa pwani wana hesabu yao ya kale, wakianza na Siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi husherehekewa mwezi wa Julai. Tangu siku hiyo huhesabu siku kumi kumi, na kila kumi huitwa mwongo. Mabaharia na wakulima walijua kwa miongo hiyo pepo zitageuka lini na mbegu zitapandwa lini. Mwongo wa namna hiyo hausemi uongo! Hiyo ni hesabu ya majira, nayo ni akili aliyotoa Mungu. Kinachokatazwa ni kuiogopa siku kana kwamba ina bwana mwingine.

Tena tuwakumbuke ndugu zetu Wamoravian. Tarehe 3 Mei 1728, huko Herrnhut katika Ujerumani, Zinzendorf aliwapa watu wake neno moja la kuwaongoza siku iliyofuata. Na desturi ikawa kulichukua neno la siku nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Tangu 1731 maneno hayo yamepigwa chapa kila mwaka, nayo husomwa katika lugha nyingi. Ndugu aliyelipeleka neno hakulipeleka tu. Aliiona nyumba, akajua nani mgonjwa na nani ana huzuni. Mwalimu aandikaye neno la siku katika daftari lake na aandike pia nyumba aliyoifikia.

6. Namna ya kuandika

Kipimo cha mvua. Tafuta kopo ambalo ubavu wake umesimama wima, upana wa juu na wa chini ukiwa sawa. Lifunge katika kigingi uwanjani, mdomo ukiwa sawasawa, mbali na paa na miti. Mti wenye urefu wa mita tano uwe mbali mita kumi. Kila siku saa tatu asubuhi pima kwa rula kina cha maji kwa milimeta, andika, kisha mwaga. Upana wa kopo haudhuru: kopo pana hupokea maji mengi, lakini huyatandaza mahali papana, na kina hubaki kile kile. Milimeta moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Basi paa la kanisa lenye mita nane kwa tano, mvua ya milimeta kumi ikinyesha, hupokea lita 400. Wazee wa kanisa wanaobishana kwa habari ya kununua mifereji na wapige hesabu hiyo.

Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache mahali patupu, maana patupu hapasemi kama mvua haikunyesha au kama wewe hukutazama. Ukisahau, andika "sikupima." Usibuni. Daftari lenye "sikupima" ishirini ni la kweli. Daftari lisilo hata moja yafaa tulitilie shaka.

Dalili. Andika kumbikumbi wanapotoka, mbuyu unapochanua majani, ukungu unapoifunika Lupanga, mbayuwayu wanapofika kutoka Ulaya na wanapoondoka. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, awataja ndege wajuao majira yao kuliko watu wa Mungu walivyojua hukumu ya Bwana.

Mambo ya watu. Andika yaliyo mema na ya lazima. Siri uliyoambiwa katika maungamo au kando ya kitanda cha mgonjwa usiiandike, maana daftari huishi kuliko mwenyewe.

Wazo la moyo. Mstari mmoja watosha.

Huu hapa mfano wa juma moja, walimu wapate kuona namna yake:

Jumapili, Rogate. Mvua milimeta 14, ya usiku. Ukungu mlimani hata saa nne. Tumeyaombea mashamba. Mahindi ya bondeni yametoa mbelewele.

Jumatatu. 0. Kusi limeanza kusikika. Nimemwona mgonjwa ng'ambo. Daraja la miti limechukuliwa na maji.

Jumanne. Sikupima, nilikuwa mazishini. Wenyeji wasema ilinyesha kidogo.

Jumatano. Milimeta 31. Udongo umeporomoka njiani, hakuna aliyeumia. Tumepafungua kwa majembe, Wakristo na Waislamu pamoja.

Alhamisi, Kupaa kwa Bwana. Milimeta 6. Watu wachache ibadani kwa ajili ya palizi. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka ya kuwa shamba langu lapaliliwa na mke wangu.

Ijumaa. 0. Jua. Mbayuwayu sijawaona tangu mwezi uliopita.

Jumamosi. Milimeta 2. Mtoto ameniuliza kama mawingu huchoka. Sikuwa na jibu.

7. Neno la mwisho

Pengine mtu atasema: siku hizi wataalamu wa hali ya hewa hutangaza redioni na katika simu mvua zitakavyokuwa, basi daftari langu la nini? Twawashukuru wataalamu hao, na tuwasikilize. Lakini tangazo lao ni la mkoa mzima, na mkoa wetu una bonde na mlima. Kopo lililo uwanjani kwako lashuhudia kijiji chako. Maji ya mlima wetu huingia mto Ruvu na kunywewa hata Dar es Salaam. Yafaa walioko kwenye chemchemi wajue habari zake.

Paulo na Barnaba waliwaambia watu wa Listra ya kuwa Mungu hakujiacha bila shahidi, bali ametoa mvua kutoka mbinguni na majira ya mazao. Mvua ndiyo shahidi wake kwa watu wote. Nasi tunaoiandika twawa mashahidi wa shahidi huyo. Basi tuandike kweli, katika mwaka wa neema na katika mwaka wa ukame, ili siku ya kutafutwa mwenye kosa itakapokuja kijijini, awepo mtu mmoja mwenye kulifungua sanduku lake na kuleta daftari.

Maswali kwa mafundisho ya mtaani

1. Kwa nini Luther alitia hali ya hewa na majirani waaminifu katika ombi moja?
2. Mtu aweza kuivunjaje amri ya nane kwa kusema "haijapata kutokea"?
3. Katika Luka 12, kwa nini mvua yatoka magharibi? Kwetu yatoka wapi, na kwa nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya kuhesabu majira na kuogopa siku za nuhusi?
5. Je, katika mtaa wetu mwaka huu yuko mtu anayesingiziwa kwa ajili ya mvua, ugonjwa au kifo? Ni nani atakayekwenda kwake juma hili?

Tuombe: Bwana Mungu, uliyeahidi ya kuwa majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma, utupe mvua kwa wakati wake, na inapokawia, utulinde tusimtupie jirani yetu jiwe. Utufundishe kuzihesabu siku zetu, na kuziandika kwa kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.